Mgahawa mzuri utaujua kwa sufuria

Ukishuka kwenye basi Muleba, au ukiwa mjini Bukoba saa saba mchana na watoto wana njaa, usichague mgahawa kwa kibao cha nje. Angalia mambo matatu.

Kwanza, mvuke. Ndizi na maharage, au sato wa Ziwa Victoria, vije mezani vikiwa vya moto. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60, na kisiachwe kipoe nje kwa zaidi ya saa 2. Sahani iliyopakuliwa asubuhi imeshapita hapo.

Pili, maji tiririka na sabuni. Ndizi wengi tunakula kwa mkono, na homa ya matumbo na kipindupindu hupitia huko huko. Ndoo yenye koki inatosha. Beseni moja la watu kumi halifai.

Tatu, wateja. Mama ntilie anayemaliza sufuria kabla ya saa tisa hana kiporo cha kukuuzia kesho.

Na kachumbari? Kama huna hakika na maji yaliyoiosha, iache. Mtoto atashiba ndizi.