Kompyuta za majumbani zilivyotumika kusaka nishati safi

MNAMO Desemba 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, wakiongozwa na Profesa Alán Aspuru-Guzik, walianza kuomba msaada wa kompyuta za watu wa kawaida.

Walikuwa wakitafuta molekuli za kaboni zitakazogeuza mwanga wa jua kuwa umeme kwa bei nafuu kuliko paneli za silikoni. Kuzitengeneza moja baada ya nyingine maabarani kungewachukua maisha yao yote. Hivyo basi, hesabu ziligawanywa vipande vidogo vidogo na kusambazwa kupitia mradi wa World Community Grid, uliofadhiliwa na kampuni ya IBM. Programu iitwayo BOINC ilizipiga hesabu hizo wakati mwenye kompyuta ameinuka kwenda kunywa chai, awe anatumia Windows, Mac au Linux.

Juni 2013, matokeo ya molekuli milioni 2.3 yalitolewa kwa umma bila malipo. Takriban 1,000 zilikadiriwa kuweza kugeuza asilimia 11 au zaidi ya nishati ya jua kuwa umeme.

Tatizo limo katika neno hilo, "zilikadiriwa". Molekuli inayong'aa kwenye hesabu yaweza kushindikana kutengenezwa, au ikaharibika upesi juani. Isitoshe, bili ya umeme ililipwa na waliojitolea wenyewe, na si umeme wote huo uliokuwa safi.

Wakati huo huo, bei ya silikoni iliporomoka. Hadi leo, karibu paneli zote zinazouzwa madukani ni za silikoni.