Hades si shetani

Ndugu mwandishi, asante kwa makala, lakini naomba tusimfanye Hades, mungu wa kuzimu, kuwa Ibilisi wa Wagiriki. Hakuasi, wala hakutupwa kuzimu kwa adhabu. Yeye na ndugu zake walipiga kura kugawana ulimwengu: Zeus akapata mbingu, Poseidon bahari, naye akaangukiwa na nchi ya wafu. Na waliokwenda kwake hawakuwa waovu tu. Wote walikwenda, hata Achilles, ambaye katika utenzi wa Odyssey anamwambia Odysseus kuwa ni heri kuwa kibarua wa mtu maskini duniani kuliko kuwatawala wafu wote. Maneno hayo huniuma kila nikiyasoma, maana yanatoka kwa shujaa aliyechagua kufa kijana ili apate sifa.

Kosa kubwa la Hades, na hapa simtetei hata kidogo, ni kumteka Persephone. Demeter, mama wa binti, alizuia mazao yasiote mpaka akarudishiwa mwanawe, ila binti tayari alishakula punje ya komamanga huko kuzimu, hivyo ikambidi awe anarudi kuzimu kila mwaka. Lakini aliyeidhinisha utekaji ule ni Zeus, baba mzazi wa binti. Mbona makala haimgusi?