Mwanao akitoka baharini, asipande mlima siku hiyohiyo

Mwezi uliopita nilikuwa Makuyuni, kati ya Korogwe na Mombo, nyumbani kwa rafiki yangu wa siku nyingi. Tulikuwa barazani tunakunywa chai, akanisogelea na kuongea kwa sauti ya chini kama mtu mwenye msiba.

"Mgosi, wewe unaandika gazetini, hebu nisaidie. Binti yangu ana miaka 26, ana digrii, lakini hana ofisi. Wiki hii yuko Pangani anapiga mbizi, wiki ijayo utasikia yuko Lushoto anapanda milima. Nikimuuliza kazi yako iko wapi, ananionyesha kompyuta. Hiyo ni kazi au ni uzururaji?"

Mkewe alikuwa anatoka jikoni na sahani ya mihogo. Akamjibu kabla yangu: "Uzururaji gani huo unaolipa ada ya wadogo zake, baba watoto?"

Nilicheka, lakini hofu ya yule baba naielewa. Amekulia penye mashamba ya mkonge na reli. Kwake kazi ni kitu cha kuonekana: mtu anatoka alfajiri, anarudi jioni na jasho lake. Mtoto anayekaa na kompyuta mpakato, halafu anaondoka na begi mgongoni, lazima amtie wasiwasi.

Binti yule anajibu maswali ya wateja wa kampuni moja ya Uingereza kwa njia ya mtandao. Kampuni haijali yuko Makuyuni, Pangani au Lushoto, mradi intaneti isikatike na aingie kazini kwa wakati.

Wenzake London wanapoanza kazi saa tatu asubuhi, kwetu ni saa tano asubuhi au saa sita mchana, kutegemea majira yao ya mwaka. Kwa hiyo asubuhi yote ni yake. Anayefanya kazi na watu wa New York mambo ni tofauti: saa tatu asubuhi ya kule ni saa kumi au saa kumi na moja jioni ya huku, na atafunga kompyuta saa sita au saa saba usiku.

Vijana wa namna hii wameongezeka kwa sababu mtandao umefika mahali ambapo sisi hatukutarajia. Agosti 2022 shirika letu la simu, TTCL, lilizindua intaneti ya kasi kwenye Mlima Kilimanjaro, katika kituo cha Horombo, mita 3,720 kutoka usawa wa bahari. Ikiwa mtu anaweza kutuma barua pepe akiwa Horombo, hatuwezi kumshangaa anayefanya kazi Lushoto.

Na mkoa wetu wa Tanga una vyote viwili. Pangani kuna kisiwa cha mchanga cha Maziwe na matumbawe yake, na ukipita Mombo unapanda kona kwa kona hadi Lushoto, takriban mita 1,400 juu. Bahari na mlima viko umbali wa safari ya siku moja tu kwa gari.

Urahisi huo ndio wenye hatari, na hapo ndipo mama wa Makuyuni alipofanya jambo kubwa bila kujua.

Usiku uliomuudhi binti

Jumapili moja binti yule alipiga mbizi mara mbili Pangani, akiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Mchana akapanda gari kupitia Muheza, Segera na Korogwe. Mpango wake ulikuwa afike Lushoto jioni ileile, alale, na Jumatatu aingie kazini kutoka huko, kisha apande milima mwisho wa wiki.

Alipofika Makuyuni akashuka kusalimia. Mama akamwangalia usoni, akasema: "Mwanangu, umechoka. Lala hapa, Lushoto haihami."

Binti alinuna. Akasema mtandao wa nyumbani ni wa kusuasua, kazi itamharibikia. Mama akashikilia neno lake, na binti akalala.

Siku chache baadaye alimsimulia mwalimu wake wa kupiga mbizi kwa simu. Mwalimu akamwambia: "Mshukuru mama yako. Na safari nyingine usifike hata hapo Makuyuni, lala hukuhuku Pangani."

Sababu yake ni hii. Hewa ya kwenye mtungi, kama hewa hii tunayovuta, sehemu kubwa ni gesi ya naitrojeni. Mpiga mbizi anaposhuka, kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo mwilini, na gesi ile inayeyuka katika damu na misuli yake. Akirudi juu taratibu, gesi inatoka polepole kwa kupumua. Lakini haiishi yote siku hiyo. Inabaki kiasi, na inahitaji saa nyingi kutoka.

Sasa mtu huyo akikimbilia mahali pa juu, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo, gesi iliyobaki inaweza kutengeneza mapovu mwilini. Fikiria chupa ya soda. Ikiwa imefungwa huoni povu. Ifungue ghafla uone.

Wengi wanajua kwamba aliyepiga mbizi hapaswi kupanda ndege mapema. Mwongozo unaotumika sana unasema asubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 akiwa amepiga mbizi mara kadhaa au siku mfululizo. Wanaosahaulika ni wanaopanda mlima kwa basi. Mwili haujui kama umepandishwa na ndege au na barabara ya Mombo kwenda Soni.

Kwa familia, kanuni rahisi ya kukumbuka ni siku nzima: saa 24 chini, karibu na usawa wa bahari, kabla ya ndege au mlima. Na kama ratiba inaruhusu, geuza safari: mlima kwanza, bahari baadaye. Anayeogelea juu ya maji kwa miwani na mrija tu, bila mtungi, hahusiki na kanuni hii.

Dalili zinazofanana na uchovu

Mzazi ajue dalili, kwa sababu mtoto anaweza kuwa nyumbani kwako zinapoanza. Ni maumivu ya viungo kama bega au kiwiko, ganzi, kizunguzungu, ngozi kuwasha, miguu kukosa nguvu, kupumua kwa shida, au uchovu usio wa kawaida. Mara nyingi huanza ndani ya saa chache, na nyingi hujitokeza kabla ya siku moja kwisha.

Kwetu mtu akisema viungo vinamuuma na amechoka, tunasema malaria, tunampa dawa ya maumivu alale. Usifanye hivyo. Mpeleke hospitali, na neno la kwanza kwa daktari liwe: "Huyu alipiga mbizi jana kwa mtungi." Daktari asipoambiwa hawezi kukisia. Mgonjwa huhitaji oksijeni, na wengine huhitaji kutibiwa katika chumba maalumu cha mgandamizo, ambacho hakipo katika kila hospitali. Ndiyo maana kituo cha kupiga mbizi kiulizwe mapema, kabla mtu hajaingia majini: chumba cha karibu kiko wapi, na kinafanya kazi?

Mlima nao una adabu yake. Kwenye Kilimanjaro, wenye mita 5,895, kichwa kikianza kuuma na mtu akatapika, asipande zaidi. Hali ikizidi, akianza kuyumba kama mlevi au kupumua kwa shida hata akiwa amekaa, ashushwe mara moja hata kama ni usiku. Na mwenye zamu ya kazi hadi saa saba usiku asiingie baharini saa mbili asubuhi. Alale kwanza.

Maswali ya kumuuliza mwanao

Nilimwambia yule baba aache kuuliza kama hiyo ni kazi, maana jibu ameshaliona kwenye ada. Aulize mambo mengine.

Je, mwajiri anajua yuko wapi, na mkataba unamruhusu kuhama? Je, ameajiriwa au ni mtu wa kulipwa kwa kazi? Mwajiriwa chini ya sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 ana likizo ya siku 28 kwa mwaka. Wa kulipwa kwa kazi hana, siku asizofanya kazi halipwi. Safari ya Kilimanjaro inachukua siku tano au zaidi, na hakuna wa kukaa na kompyuta huku anapanda kilele. Siku hizo lazima ziwe zimepangwa.

Je, bima yake inalipia ajali ya kupiga mbizi na ya mlimani? Bima nyingi za kawaida hazigusi huko. Je, anajiwekea akiba ya uzeeni? NSSF inapokea wanaojiajiri na kuchangia kwa hiari. Na kodi je? Mkazi wa Tanzania anayelipwa kutoka nje bado anawajibika kwa TRA.

La mwisho, nani nyumbani ana ratiba yake? Siyo kwa kumchunga. Ni ili siku simu isipopokelewa, ijulikane aulizwe nani: kituo gani cha mbizi, kiongozi yupi wa mlima, nyumba ipi ya wageni.

Yule baba alinyamaza kidogo, akachukua simu akampigia binti yake. Nilisikia upande mmoja tu.

"Marahaba, mama. Hapana, si ugomvi. Nataka kujua, Pangani umetoka majini lini?" Akasikiliza. "Jana mchana. Haya, basi leo lala hukohuko. Kesho njoo, na huo mtandao wa kusuasua tutautafutia dawa."

Mkewe akamsogezea mihogo, hakusema kitu.