Jiko la moshi si la kila mwenye baa

KILA mwisho wa mwaka Wachagga waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hupanda mlima kurudi nyumbani, na bei ya mbuzi hupanda pamoja nao. Ndipo mwenye baa wa Moshi mjini, Marangu au Machame hutazama pipa lake lililokatwa katikati, likiwa na wavu juu na mkaa chini, akajiuliza kama halijapitwa na wakati. Fundi wa kuchomelea yuko tayari kumtengenezea jiko la kisasa lenye sanduku la moto ubavuni. Kabla ya kutoa malipo ya awali, mfanyabiashara huyo hana budi kupiga hesabu.

Jiko hilo hufanya kazi kwa njia tofauti na pipa la kawaida. Kuni huwaka katika sanduku dogo la pembeni. Joto na moshi hupita katika chumba cha nyama na kutokea kwenye bomba la upande wa pili. Nyama haiguswi na mwali. Huiva polepole katika joto la nyuzi 110 hadi 135 za Sentigredi kwa saa nyingi, hata mishipa migumu ya ng'ombe wa kienyeji ikalainika. Ubora wa nyama hiyo haubishaniwi. Linalobishaniwa ni faida.

Kilo ya nani inapungua?

Utaratibu wa nyama choma uliozoeleka una siri moja ambayo wengi hawaitambui. Mteja huchagua nyama mbichi, hupimiwa kwenye mizani, kisha huchomewa. Uzito unaopotea motoni ni wa mteja. Mwenye jiko la moshi hana nafasi hiyo, kwani nyama yake lazima ipandishwe alfajiri, kabla mteja hajaonekana, na huuzwa ikiwa imeiva. Uzito unaopotea ni wa muuzaji.

Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba kilo ya nyama mbichi ni sh. 12,000 na theluthi moja ya uzito hupotea. Kilo iliyoiva tayari imemgharimu mwenye baa sh. 18,000 kabla ya kuni, mshahara wa mchomaji na kodi ya pango. Atakayeiuza kwa bei aliyoizoea atakuwa anawalisha wateja kwa mtaji wake. Aidha, nyama isiyonunuliwa jioni ni hasara yake, wakati mbuzi mbichi wa jirani angali kwenye jokofu akisubiri kesho.

Kwa mantiki hiyo, jiko la moshi linamfaa mwenye oda za uhakika, kama vile mpishi wa harusi na vipaimara, hoteli yenye wageni wa mlimani, au baa iliyojaa kila Jumamosi na Jumapili. Baa ya kumngoja mpita njia, wavu na mkaa vinaitosha.

Unene, si umbo

Kwa aliyeona kuwa oda anazo, kosa la pili ni kununua umbo. Majiko haya yalipata umaarufu Texas, Marekani, ambako mafundi waliyaunda kwa mabomba mazito ya kazi za mafuta. Wengi wanaoyaiga hutumia pipa la lita 200, ambalo bati lake ni la kama milimita moja. Bati hilo halitunzi joto. Katika baridi ya Juni na Julai, au mvua ya masika huko Kibosho, joto hutoroka na mchomaji huongeza kuni kila mara. Sanduku la moto nalo huliwa upesi na moto na kutu.

Njia ya kumpima fundi ni mizani. Chuma cha milimita sita huwa na uzito wa kilo 47 hivi kwa mita moja ya mraba. Cha milimita moja hakifiki kilo nane. Anayedai bei ya chuma kizito akubali jiko lake lipimwe. Mlango ufunge bila kuvujisha moshi. Mabati yenye zinki yasitumike mahali pa moto, na pipa lililobeba kemikali lisitumike kabisa.

Chukulia tena kuwa jiko la pipa ni sh. 300,000 na la chuma kizito ni sh. 1,200,000, na kwamba hilo zito huokoa kuni za sh. 6,000 kila siku linapowashwa. Tofauti ya sh. 900,000 itarudi baada ya siku 150 za kazi. Anayeliwasha Jumamosi na Jumapili atazirudisha katika mwaka mmoja na nusu hivi. Anayeliwasha siku kumi za Desemba tu atasubiri miaka 15. Huyo wa mwisho ni heri akodi.

Kuni zitoke wapi?

Hapa mlima una neema na onyo. Mashamba ya kihamba hutoa visiki vya mibuni iliyokatwa upya, matawi ya grevilea na ya miparachichi. Kuni hizo, zikikaushwa miezi kadhaa, zinafaa. Mbichi hutoa moshi mchungu na joto haba. Msitu wenyewe si ghala la mtu, kwani uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Hata mti wa shambani, ni busara kuulizia kibali kijijini kabla ya kushika msumeno.

Aidha, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mwekezaji anayefunga mtaji katika kuni kwa miaka mingi ijayo aujue upepo unakovuma.

Kwa sasa ushauri wa busara ni huu: mfanyabiashara aandike oda zake za miezi mitatu kwenye daftari. Daftari likionyesha siku 100 za moto kwa mwaka, anunue chuma kizito. Likionyesha Krismasi pekee, pipa lake la zamani halijazeeka.