Uchambuzi: Hatima ya kobalti ya Kongo na watafiti wanaoitafutia mbadala kwa kompyuta

Februari 2025, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayotoa sehemu kubwa ya kobalti yote duniani, ilisitisha kuuza madini hayo nje ili kuinua bei iliyokuwa imeporomoka. Oktoba mwaka huo zuio likaondolewa na mahali pake ukawekwa mfumo wa mgao. Serikali ya Kinshasa inaweza kuamua ni tani ngapi zivuke mpaka. Haiwezi kuamua iwapo viwanda vya betri vitaendelea kuihitaji kobalti.

Tayari betri aina ya LFP, zinazotumia chuma na fosfeti, hazina kobalti hata chembe, na China inazitumia kwa wingi katika magari yake ya umeme. Utafutaji wa betri nyingine unaendelea, na siku hizi mara nyingi huanzia kwenye kompyuta.

Wanafanya kazi gani?

Watafiti hawa hupanga atomi ndani ya kompyuta, kisha hukokotoa kama mchanganyiko fulani utashikamana, utapitisha umeme au utastahimili joto, kabla mtu yeyote hajautengeneza. Msingi wake uliwekwa mwaka 1964, Pierre Hohenberg na Walter Kohn walipoonyesha kwamba si lazima kufuatilia kila elektroni peke yake. Inatosha kujua msongamano wa elektroni zote kwa pamoja. Hesabu iliyokuwa haiwezekani ikawezekana. Kohn alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1998, akigawana na John Pople.

Januari 2024, kampuni ya Microsoft na maabara moja ya taifa ya Marekani zilitangaza kuwa zimechuja zaidi ya michanganyiko milioni 32 kwa kutumia akili mnemba na kubakiza 18. Mmoja ulitengenezwa na kujaribiwa, na walisema unaweza kupunguza matumizi ya litiamu kwa hadi asilimia 70. Kwa nchi inayotegemea kuchimba litiamu, habari kama hiyo si ya wanasayansi peke yao.

Mlango uko wazi, ngazi ni fupi

Kwa kijana wa Afrika anayesoma fizikia au kemia, fani hii ina mvuto wake. Haihitaji maabara ya mabilioni ili kuanza. Programu kama Quantum ESPRESSO hutolewa bure. Tangu mwaka 2010, mafunzo ya ASESMA yamewakutanisha wanafunzi wa bara hili na wataalamu wa fani hiyo katika miji kama Cape Town, Eldoret, Accra na Addis Ababa. Kigali nayo, tangu 2018, ina taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa msingi wa fizikia, EAIFR, inayoshirikiana na kituo cha kimataifa cha ICTP kilichoko Trieste, Italia.

Ugumu huja baada ya shahada ya uzamivu. Mhadhiri anayerudi nyumbani hukuta madarasa yaliyofurika na muda mdogo wa utafiti. Hesabu moja inaweza kuchukua siku kadhaa, na umeme ukikatika bila tahadhari kazi hupotea. Kompyuta kubwa ya Lengau, iliyozinduliwa Cape Town mwaka 2016, imewasaidia pia watafiti wa nje ya Afrika Kusini, lakini nafasi ni za kugawana. Tena utabiri wa kompyuta bila maabara ya kuuthibitisha hubaki karatasini.

Mwanafizikia Abdus Salam aliyajua haya. Aliondoka Pakistan katika miaka ya 1950 kwa sababu ya upweke wa kisayansi, na mwaka 1964 akaanzisha ICTP ili wengine wasilazimike kuchagua kati ya nchi zao na taaluma yao. Miaka 60 baadaye, wengi bado wanachagua.

Je, akili mnemba itawaondoa kazini?

Novemba 2023, Google DeepMind ilitangaza miundo mipya milioni 2.2 ya fuwele. Baadhi ya wanakemia walioichunguza orodha hiyo walisema waliona ushahidi mdogo wa vitu ambavyo ni vipya na pia vyenye manufaa. Mashine hutoa majibu mengi. Bado anahitajika mtu wa kujua swali lipi lina maana, na kwa nani.

Hapo ndipo Afrika Mashariki na Kati ina sababu ya kujiuliza. Serikali zinazungumzia kuchakata madini nyumbani, iwe kobalti ya Kongo au madini ya kinywe ya Tanzania. Lakini kiwanda hujengwa kwa miaka, na mahitaji ya soko yanaweza kubadilika kabla hakijakamilika. Nafasi chache za kudumu za watafiti, zenye saa za kompyuta, umeme wa uhakika na maabara ya pamoja ya kanda, zitagharimu kidogo kuliko kiwanda kimoja. Bila wao, nchi zenye madini zitaendelea kujua thamani ya mali yao imeshuka baada ya soko kuwaambia.