Jua la Mchana na Mzigo wa Transfoma

Je, umepata kujiuliza ni kwa nini stima hupotea mtaani kwenu hali mtaa wa pili unang'aa? Mara nyingi kosa si la mabwawa ya Mto Tana. Kosa li karibu: transfoma na nyaya za mtaa zimelemewa. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nasi huendelea kuchomeka pasi.

Umeme ukipita kwenye waya, sehemu yake hupotea kama joto. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto hilo huwa mara nne. Transfoma nayo huchemka, na joto la muda mrefu huila karatasi inayohami nyaya zilizomo ndani, hata siku moja ikaungua.

Dawa ya kawaida ni kununua transfoma kubwa zaidi. Huko Kerman, mji wa wakulima katika jimbo la California, Marekani, kampuni ya Pacific Gas and Electric ilijaribu dawa nyingine mwaka wa 1993. Ilijenga mtambo wa jua wa kilowati 500 na kuuunganisha na nyaya za mtaani zenyewe. Alasiri za kiangazi, watu wanapowasha mashine za kupoza hewa, ndipo jua nalo huwaka. Umeme ulitoka karibu, transfoma ikapumua.

Hapa kwetu mambo ni tofauti kidogo. Wakenya hutumia stima nyingi zaidi jioni, jua likiwa limekwisha tua. Kwa hivyo paneli bila betri hazitamsaidia mama anayepika chajio. Hata hivyo, ofisi na shule hutumia umeme mchana. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka paneli za kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka wa 2014.

Ukiunganisha paneli zako na nyaya za mtaa, hakikisha fundi wako ana leseni na kwamba mtambo hujizima wenyewe stima ikipotea. La sivyo, umeme wa paa lako waweza kumwua fundi aliye juu ya nguzo akidhani waya umekufa.

Nawe mpangaji usiye na paa, piga pasi na kupandisha maji kwenye tangi mchana, si saa mbili usiku. Jirani zako watakushukuru.