Tuonyeshwe mkataba wa umeme kabla haujasainiwa

Leo nina hoja moja tu, nayo ni ya umeme. Sizungumzii kukatika kwake, hilo tumeshalilia mpaka machozi yamekauka. Nataka kujua nani anaamua kwamba nchi inahitaji megawati mpya, zinunuliwe kwa nani na kwa bei gani, na sisi tunaolipa Luku tunaambiwa lini.

Tunaambiwa mkataba ukishaoza. Wa IPTL ulisainiwa mwaka 1995, megawati 100 za mafuta pale Tegeta kwa miaka 20, wakati mradi wa gesi ya Songo Songo ulikuwa tayari unaandaliwa. Ukazaa kesi za kimataifa kabla mitambo haijawasha hata taa moja, na uzalishaji ulipoanza mwaka 2002 TANESCO ikawa inadaiwa kila mwezi, mitambo ifanye kazi au ilale. Mwaka 2006 mabwawa yakakauka, tukaletewa Richmond, megawati 100 nyingine za dharura. Tulichovuna ni Kamati ya Mwakyembe na, Februari 2008, kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa na mawaziri wawili. Mwaka 2014 IPTL ileile ikaturudia kwa jina la Escrow. Kila mara Bunge lilichunguza, na kusema kweli lilichunguza vizuri, lakini huo ulikuwa uchunguzi wa maiti.

Haya malipo ya mitambo iliyolala yaliwaudhi watu wengi. Mimi siyachukii yenyewe. Ni nesi, na hospitalini ninakofanya kazi nesi anayekaa nyumbani akisubiri kuitwa analipwa hata asipoitwa. Siku majeruhi wanapoingia kumi kwa mpigo mnashukuru kwamba yupo. Swali ni mnawaweka wangapi, mnawalipa kiasi gani, na nani alikaa akapiga hesabu ya wagonjwa kwanza. Kwa IPTL na Richmond hiyo hesabu tuliiona wapi?

Hapa jimbo la Georgia, Marekani, ninakoishi, kuna sheria ya mwaka 1991. Kila baada ya miaka mitatu kampuni kubwa ya umeme, Georgia Power, lazima ipeleke mpango wake mbele ya tume ya jimbo: mahitaji ya miaka 20 ijayo, mitambo itakayozimwa, itakayojengwa, umeme utakaonunuliwa kwa wengine. Wataalamu wa kampuni wanaapishwa na kuhojiwa na mawakili wa wapinzani wao, tena hadharani. Nimewahi kusikiliza kwenye intaneti nikitoka zamu ya usiku. Usingizi ulinibana, lakini niliwasikia watu wazima na suti zao wakibanwa waeleze namba zao zimetoka wapi.

Msidhani nawasifia Wazungu. Tume hiyohiyo iliidhinisha mwaka 2009 vinu viwili vipya vya nyuklia pale Vogtle. Vilikamilika 2023 na 2024, miaka saba nyuma ya ratiba, na gharama ikapita dola bilioni 30, zaidi ya mara mbili ya makadirio ya kwanza. Kurasa nyingine za mipango hufichwa kwa jina la siri za biashara. Na Desemba 2025 tume ilipitisha takriban megawati 10,000 mpya, karibu mara tano ya bwawa letu la Rufiji, sehemu kubwa kwa ajili ya vituo vya kompyuta. Ila mwezi mmoja kabla, Novemba 2025, wapiga kura waliochoshwa na bili walikuwa wamewaangusha wajumbe wawili wa tume hiyo. Walijua nani alipiga kura gani, siku gani. Mimi hicho tu ndicho ninachowaonea wivu.

Sasa turudi kwetu. Msiniambie sheria haipo. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inaipa EWURA mamlaka ya kuidhinisha kuanza kwa ununuzi wa mitambo mipya. Lakini mwananchi huitwa ukumbini bei inapotaka kupanda, yaani mkataba ukishasainiwa zamani. Na hata kwenye bei, mnakumbuka mwisho wa 2016? EWURA ilisikiliza watu, ikapiga hesabu, ikaidhinisha nyongeza ya asilimia 8.5. Waziri akaisitisha siku moja kabla haijaanza, na kesho yake Rais Magufuli akamfukuza mkuu wa TANESCO. Wengi walishangilia. Lakini mdhibiti ambaye uamuzi wake unafutwa kwa tamko la siku moja atapata wapi ujasiri wa kumwambia waziri kwamba mkataba huu ni ghali?

Nayasema haya leo kwa sababu mtambo wa tisa na wa mwisho wa Bwawa la Nyerere uliingia kazini mwaka 2025, jumla megawati 2,115. Mikataba yetu mibaya ilisainiwa wakati wa mgawo, watu wakiwa gizani na hakuna mwenye subira ya kuuliza. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi wakati wa mgawo wa 2011, nilishika tochi ya simu juu ya kitanda cha mtoto njiti tukisubiri jenereta. Siku ile mtu angenipa mkataba wowote ningesaini. Leo hakuna anayetushikia tochi. Hata hivyo, Machi 2025 mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini wengi waliusikia kwenye hotuba, ndipo mabishano yakaanza. Inawezekana kabisa hesabu yake ni nzuri, maana kusafirisha umeme kutoka kusini mpaka Arusha kunapoteza mwingi njiani. Kama ni nzuri, kwa nini isiwekwe mezani kwanza?

Kwa hiyo naomba EWURA iitishe kikao cha wazi kabla ya kila mkataba mkubwa, iwe jua la Kishapu, gesi au umeme wa jirani. Zitajwe bei ya uniti, miaka ya mkataba, na tutakacholipa mitambo ikilala. Na wabunge mlio humu ndani kwa majina ya bandia, tunawajua, mtujibu: ni nani kati yenu aliyewahi kuuona mkataba mmoja wa umeme kabla ya kusainiwa?

Naomba kuwasilisha.